Haki ya Kuingia Bwawani

Waliohudhuria mkutano wa wazazi ni Mwalimu Korongo, mkuu wa shule; Mzee Kobe, mwenyekiti wa kamati; Bi Bata, mama yake Pandu; na Bi Kuku, mama yake Machano.

Bi Kuku alisimama kabla ya dua kwisha. "Kila siku Pandu anapelekwa bwawani kuogelea, mwanangu anaachwa ukingoni kama yatima. Huyo Pandu ana nini?"

"Ana miguu yake, shoga," alijibu Bi Bata.

"Usiniringie! Sheria inasema watoto wote wana haki sawa."

"Ndivyo isemavyo," alikubali Mzee Kobe. "Inasema pia mzazi aiambie shule ukweli kuhusu mwanawe. Je, Machano anajua kuogelea?"

Bi Kuku alimtazama Bi Bata alivyotulia, wivu ukamkaba. "Anajua kumshinda Pandu."

"Neno la mzazi shule hulipokea," alisema Mwalimu Korongo. "Kesho ataingia."

Bi Kuku alimpitia mwanawe darasani, na walipokuwa wakirudi nyumbani Machano aliuliza, "Mama, nitaogeleaje?"

"Mtazame Pandu, ufanye kama yeye."

Machano bin Jogoo alifariki kesho yake asubuhi, bwawani.