Sahani ya Pili

Sahani mbili. Agathe alizihesabu tena kupitia ufa wa dirisha la mbao, na hesabu haikubadilika: sahani mbili za bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, vikombe viwili vya maji, katika nyumba ya mtu mmoja. Ufa ule ulionyesha meza tu. Kiti hakikuonekana.

Ulikuwa mwezi wa nne tangu wamzike Bienvenu, mwanawe, aliyekufa ziwani. Mjane hukonda, kila mtu Uvira anajua. Lakini Dorine, mkamwana wake, alikuwa ananenepa, hata kitenge kilikuwa hakimtoshi tena kiunoni. Agathe alimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Nesi akapima minyoo, akapima sukari, akapima mimba. Hakukuta kitu.

"Weye, unakula ya watu wangapi?" Agathe alimuuliza njiani.

"Ni njaa tu, mama," Dorine alijibu akitazama chini.

Njaa gani hiyo, isiyo na ugonjwa wala mtoto? Agathe si wa kudanganywa kirahisi. Kila adhuhuri sahani zote mbili zilitolewa kwenda kuoshwa zikiwa tupu kabisa. Kulikuwa na mwanaume mle ndani, anakula vya marehemu, na wazo hilo lilimchoma Agathe kuliko matanga yenyewe. Akimkamata, Dorine angerudi kwao Runingu siku hiyohiyo.

Na Agathe mwenyewe ndiye aliyemfunda Dorine, wiki ya harusi: "Sahani ya bwana yako isirudi jikoni na chakula." Dorine alilishika somo lile vizuri. Sasa lilikuwa linamfaidisha mwingine.

Sauti ya Dorine ikatoka ndani, ile ya mke anapomkaribisha bwana yake. "Kula, papa. Ndagala iko ya moto."

Mkono ukaonekana kupitia ufa, ukaichukua sahani ya pili mezani.

Agathe alimwita Jeancy, mdogo wa marehemu, awe shahidi. Jeancy akasukuma mlango kwa bega.

Hakukuwa na mwanaume. Sahani ya kwanza ilikuwa tupu mezani. Dorine alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bienvenu, sahani ya Bienvenu mapajani, machozi yanamtiririka, tonge limejaa mdomoni. Alilimeza kwa shida.

"Minye nimeshiba, mama," alisema. "Lakini ulinikataza, isirudi jikoni na chakula."