Boti Iliyopanda Mlima

Boti ilipanda mlima tena.

Kwenye skrini, nukta ya njano iliacha maji, ikavuka ufuo, ikatua katikati ya mashamba. Bi Mikondo, kama wenzake walivyomwita, akafumba macho. Ndani ya boti ile alikuwa kaka yake, injini imezimika, na programu iliyopaswa kuonyesha bahari imempeleka wapi ilikuwa inampeleka nchi kavu.

"Labda kaka ameamua kulima," alisema Bwana Upepo, mtaalamu wa hali ya hewa, kisha akajutia ulimi wake. "Nisamehe, dada."

Tangu waunganishe hesabu mpya za upepo na zile za mikondo ya bahari, hakuna kilichokaa sawa. Na waokoaji walikuwa ukumbini, wanasubiri. Wakikosa nukta ya kuaminika, watabaki kutafuta kwa kubahatisha, na bahari haimhurumii anayebahatisha.

Simu ikaita. Mama.

"Watu wameshakaa, mwanangu. Wanakuulizia."

"Nikimaliza na kaka, nakuja."

"Wewe na kaka yako," mama alisema, sauti ikamkatika.

Akarudi kwenye programu, akisoma mstari baada ya mstari. Ghafla akainua kichwa.

"Hebu niambie, Bwana Upepo. Ukiandika upepo wa kusini, unatoka kusini au unakwenda?"

"Unatoka. Upepo tunauita kwa kule unakotoka. Hata mtoto anajua."

"Mkondo sisi tunauita kwa kule unakokwenda."

Wakatazamana. Upepo wote ulikuwa umeingia kinyume.

Akageuza alama moja tu, ya kujumlisha ikawa ya kutoa, akaanzisha upya. Nukta ikayumba, kama isiyojiamini, kisha ikaipa pwani mgongo na kuelekea kilindini. Akaifuata kwa kidole juu ya kioo.

"Twende, kaka," alinong'ona. "Taratibu. Twende."

Ikasimama kando ya mwamba.

Bwana Upepo akafungua ramani ya miaka tisa iliyopita, yenye alama nyekundu pale walipouopoa mwili wa kaka yake, akaiweka juu ya nukta. Zikalingana.

"Jaribio limefaulu, dada," alisema kwa upole. "Kawaambie waokoaji wanaweza kuanza kuitumia, kisha uwahi kumbukumbu ya kaka."