Jengo Lililotazama Zizi

Milango ya kioo ilijifungua yenyewe, ng'ombe akaingia.

Alikuwa mweusi, mwenye kengele shingoni, na alitembea juu ya vigae kama mteja aliyezoea. Alisimama kwenye chemchemi ya mapambo, akanywa maji, akaacha kinyesi palepale ilipochorwa nembo ya jengo. Luhaga alimfukuza kwa ufagio huku akimtukana kwa Kisukuma, lugha aliyoitunza kwa shughuli hiyo.

Jengo lenyewe lilikuwa la maduka, ghorofa tano, na kata ya Nkende haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho. Lilichorwa na mtu wa mbali ambaye hakuwahi kukanyaga Tarime. Aliweka ukuta mzima wa kioo upande wa jua la mchana, ili wanunuzi waive taratibu wakichagua viatu. Aliweka ngazi za umeme ambazo jenereta haikuziweza, ikakohoa mara moja ikanyamaza. Vyoo akaviweka ghorofa ya juu kabisa, pengine kwa heshima. Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa mlango mkuu. Aliuelekeza barabarani kupitia kiwanja cha jirani, kana kwamba kimeshauzwa, na hakikuwa kimeuzwa. Kwa hiyo mlango wa kifahari ulitazama zizi, na binadamu walipita nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Wapangaji wa maduka wakaanza kujitoa. Bosi akampa Luhaga, msimamizi wake, neno moja tu: apate kile kiwanja wiki hii, au arudi mashimoni kuchimba dhahabu, alikomtoa. Luhaga alikuwa ameacha vidole viwili huko chini ya mwamba. Hakutaka kuvifuata.

Winfrida, mama wa boma lenye zizi hilo, hakuwa na maneno mengi. Alisema yeye hauzi kitu. Mwenye kauli ni mume wake, na mume wake haamini michoro. Atakuja alione jengo kwa macho, ndipo wazungumze mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Siku ikapangwa. Luhaga akaandaa kiti cha ngozi, mbuzi wa kuchoma na kreti ya soda baridi.

Siku hiyo Winfrida alitokea na bibi mmoja mwembamba, jina lake Gati, aliyevaa mabuti ya mpira na blanketi begani, mkononi fimbo ya kuchungia. Luhaga alitupa shikamoo bila kusubiri jibu. Mama mkwe hahitaji kutambulishwa, unamjua kwa jicho: anakagua kila kitu kama mnunuzi.

"Mzee yuko njiani?" alimwuliza Winfrida.

Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Ni bosi. Luhaga aliapa kwenye simu kwamba kiwanja ni kama kimeshapatikana, akawageukia wageni na kusema waanze kuzunguka, mzee akifika atawakuta. Winfrida akafungua mdomo. Bibi akamgusa mkono.

"Twende tu," alisema. "Acha anionyeshe."

Luhaga alionyesha harakaharaka, kama anayepitisha mbuzi getini. Kwenye ngazi za umeme zilizolala, bibi aliuliza kama ni kweli ngazi inatembea ili mtu asimame, na kama ni hivyo, miguu ya watu imekosa nini. Luhaga alicheka, akamwambia hayo ni mambo ya mjini, asijichoshe. Kwenye ukuta wa kioo bibi aliweka kiganja, akakiondoa upesi, akauliza kama nguo zitauzwa mbichi au zimeshakaangwa. Ndani ya lifti alizungusha macho akasema mabinti zake wote wanne wangeenea humo pamoja na waume zao, wala wasingekuwa na pa kugombania. Luhaga aliitikia kwa pua.

Juu kabisa, bibi alisimama dirishani akalitazama zizi lililokuwa chini.

"Ng'ombe walikuwa wengi," alisema. "Walipungua nilipomleta huyu Winfrida. Niliwatoa mwenyewe, wala sijuti."

"Sawa, bibi," alisema Luhaga. Macho yake yalikuwa barabarani, kuona kama kuna pikipiki inayomleta mzee.

Waliporudi ofisini bibi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha ngozi. Luhaga akamwahi.

"Hapo hapana, bibi. Hicho ni cha mwenye boma."

Akamsogezea boksi la vigae, akampa maji ya bomba kwenye kikombe cha plastiki. Winfrida alipozitazama soda, Luhaga aliifunika nyama vizuri zaidi, akamweleza bibi, kwa sauti ya kumwelewesha mtoto, kwamba inamsubiri mwanawe. Winfrida akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Gati alikaa juu ya boksi, fimbo magotini.

"Na huyo mgeni wako mkubwa," aliuliza, "atapita mlango upi?"

"Leo atapita nyuma kama sisi. Akishatuuzia, atapita mlango mkuu."

"Ahaa," alisema bibi, akanywa maji yake yote.

Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa, mzee Nikodemo, alipoingia akitokea kwenye mapipa, ganda la ndizi limemnasa kwenye kiatu. Alikitazama kiti cha ngozi kilivyo kitupu. Akalitazama boksi. Akavua kofia, akainama kumwamkia bibi kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Luhaga na kumwuliza, polepole, kama hajui kwamba kwa mila za Tarime mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke, na ni nani aliyemkalisha mume wa Winfrida kwenye boksi.