Maiki Kwenye Kola

"Haya, Kimya hawezi kufaulu. Tumtoe kwenye mtihani," mwalimu alimwambia mkuu wa shule, na alipoinamisha kichwa kwa aibu ndipo akaiona taa ya kijani ikiwaka kwenye kola yake. Alikuwa amesahau kuizima maiki.

Maneno yale hayakutoka moyoni. Mkuu alikuwa amembana tangu asubuhi kwamba mtoto huyo atashusha wastani wa shule, na vibarua vya watu vitaota nyasi. Mwalimu akachoka kubishana, akasema yaishe.

Akaishika ile maiki, ndogo kama kifungo cha koti, yenye joto la mwili wake. Kila neno lililoingia humo lilikwenda moja kwa moja kwenye kifaa cha kusaidia kusikia kilichokuwa sikioni mwa Kimya, chumba cha pili kutoka ofisini. Kabla ya kifaa hicho mtoto alikaa darasani kama gogo, ndipo wenzake wakambandika jina hilo la Kimya. Muhula huu alikuwa akiwasahihisha hesabu.

"Vipi tena, mwalimu?" mkuu akauliza. "Si tumekubaliana?"

Mwalimu alitoka, akaenda hadi nje ya darasa la Kimya. Dirishani aliona wanafunzi wote wameinamia vitabu, isipokuwa Kimya, aliyekaa wima kwenye dawati la mbele akiutazama ubao mtupu.

Akaisogeza maiki mdomoni, akanong'ona maneno waliyojaribia kifaa kila asubuhi. "Mwanangu, kama unanisikia, inua mkono."

Mkono ulipanda taratibu, ukafika sikioni, ukakivua kifaa na kukilaza juu ya dawati.