Maji ya Alhamisi Kuu

Kila Alhamisi Kuu mchungaji aliwaosha miguu wazee kumi na wawili wa kanisa, na kila mzee aliiosha kwanza nyumbani, akaipaka mafuta, ili mtumishi wa Mungu asikutane na uchafu. Maji aliyachota Felista, mfagiaji. Tangu asubuhi alikuwa kisimani, na mgongo ulimuuma.

Mzee wa mwisho, Ngailo, alikuwa mjane mwenye kidonda mguuni. Alipofungua kitambaa, harufu ikawafikia hata wanakwaya. Mchungaji akanyunyiza matone mawili kwa mbali, akainuka, akajifuta mikono, akaondoka na taulo begani. Kwaya ikadakia wimbo wa kufunga.

Felista alikuja kuchukua beseni akamwage maji, akalale. Akamtazama Ngailo. Ndiye huyu aliyesimama hapahapa, miaka kumi na tisa iliyopita, akamtangaza mbele ya watu wote kwamba ametengwa kwa kuzaa bila ndoa. Hata koti la mzee la siku ile Felista alilikumbuka, la kahawia, limekosa kifungo kimoja.

Alisimama pale mpaka ubeti ukaisha. Kisha akapiga magoti, akauvuta mguu ndani ya beseni.

"Acha, mama," mzee alinong'ona. "Wewe si unanijua?"

"Nakujua sana, baba. Tulia, magoti yangu yamechoka."

Aliosha mpaka vidoleni. Taulo haikuwepo. Akafungua kilemba chake, akakishika mkononi, mguu wa mzee ukimdondoshea maji mapajani.