Wino Amejitoa

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na tulimalize hilo mapema ili tusilibebe njia nzima. Mtu mzima, mstaafu, miwani miwili mfukoni, amejibanza kwenye safu ya nyuma kabisa ya ukumbi wa chuo kikuu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, anajificha ndani ya mdahalo ambamo alialikwa kuzungumza.

Hakuna aliyemfukuza. Alijitoa mwenyewe.

Enzi za kazi alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa kuwinda nukta iliyopotea kana kwamba imemwibia kuku. Alipostaafu, kisha mkewe akafariki, nyumba ikabaki na sauti ya jokofu tu. Ndipo akahamia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Huko walimjua kwa jina la Wino, jina lake la utani tangu kiwandani. Na huko ndiko alikokutana na Kunguru.

Kunguru alikuwa balaa. Leo anafuta aya nzima ya Wino kuhusu gundi ya kujalidi vitabu, kesho anaandika kwamba popo ni ndege. Wino anamshushia hoja, vyanzo, mifano. Kunguru anajibu: "Sijaelewa. Eleza tena." Wino anaeleza tena. Chai inapoa, anaipasha, inapoa tena. Kila asubuhi alimlaani Kunguru kabla hata ya kupiga mswaki. Siku ambazo Kunguru hakutokea, alizunguka vyumbani akigusagusa vitu, kisha akarudi kuangalia kama mtandao umekatika.

Simu yake ililia Jumapili tu. Ni binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyehamia mji mwingine. Shikamoo, Baba. Marahaba. Umekula? Nimekula. Unaendeleaje? Vizuri. Na simu ikakatwa, maana Wino hakuwa mtu wa porojo.

Basi chuo kikaandaa mdahalo wa Alhamisi juu ya maadili ya maarifa mtandaoni: nani ana haki ya kufuta alichoandika mwenzake? Wino akaalikwa. Tangu amzike mkewe, hakuna aliyewahi kumwita popote. Akaitoa suti sandukuni, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni, na kila akipita anaitazama kama mgeni aliyekuja kumchukua.

Halafu akasoma majina ya wazungumzaji wenzake. La pili lilikuwa Kunguru.

Damu ikamchemka. Akamwandikia mhadhiri aliyeandaa shughuli kwamba yeye hawezi kuketi meza moja ya maadili na mtu asiye na hata chembe ya maadili, na kwa hiyo anajitoa. Akatuma, akakaa karibu na simu kungoja kubembelezwa. Alishapanga kabisa: mara ya kwanza atakataa, mara ya pili atakohoa, mara ya tatu atakubali kwa shingo upande.

Mhadhiri akajibu kwamba wamepokea, na wanamshukuru kwa kuwaarifu mapema.

Hata "jamani" hakuandika.

Jumapili binti akapiga. Akauliza kama suti ya Alhamisi iko tayari. Wino akasema haendi.

"Kwa nini, Baba?"

"Basi tu."

Akakata. Lakini Alhamisi ilipofika, nyumba ilimkataa. Akaipita suti palepale mlangoni, akavaa kofia, akatoka. Alijiambia anataka kitu kimoja tu: kuiona sura ya huyo anayemharibia siku zake.

Ndiyo maana sasa yuko safu ya nyuma. Mbele wamepanga meza ndefu. Kiti chake wamekwisha kukiondoa, na vilivyobaki wamevitanua ili pengo lisionekane. Hilo lilimuuma kuliko yote. Mama mmoja aliyeketi jirani akamwuliza kwa upole amekuja kumsikiliza nani. Wino akasema hana mtu.

Mhadhiri akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba Wino amejitoa, wanaendelea, na akamkaribisha Kunguru.

Wino akavaa miwani ya kuonea mbali.

Mwanamke akapanda jukwaani taratibu, akiinamia kidogo upande wa kushoto, mwendo ambao Wino aliishi nao nyumba moja miaka mingi, mwendo wa marehemu mkewe. Hakuketi. Akaitazama meza mwanzo hadi mwisho, akawaomba radhi wote na kusema kwamba mtu aliyemfuata, ambaye alitumaini angebadili nia, hayupo, kwa hiyo na yeye anajitoa.

Kofia ya Wino ilianguka aliposimama.

"Kumbe ni wewe?"

Ukumbi mzima ukageuka. Naye, mtu ambaye hajainua sauti tangu astaafu, akaanza kumwaga yote: aya ya gundi aliyoifanyia kazi wiki nzima, vyanzo vilivyopuuzwa, maelezo aliyoyarudia mpaka macho yakamwuma. Na popo! Alimfundisha mwenyewe kwa mdomo wake, bado mdogo amekaa mapajani, kwamba popo si ndege. Leo mtoto wa kumzaa anamfutia baba yake hadharani na kuandika upuuzi anaoujua kabisa kuwa ni upuuzi. Kwa nini? Amemkosea nini?

Binti alingoja mpaka baba akaishiwa pumzi. Kisha akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nikikusalimia, Baba, unanijibu neno moja. Nikikosea, unaniandikia kurasa mbili."