Mjane wa Waingereza wa Kale

Karatasi ya Tunu ilirudi kutoka chuoni mara ya pili, ina wino mwekundu: "Eleza zama zao, si mambo ya kwenu. Ukirudia tena, umefeli." Swali lilitaka kujua kwa nini mjane katika shairi la Waingereza wa kale anakaa ndani tu, kimya. Tunu, aliyefiwa na mumewe na kukaa eda bila kutoka nje, alidhani jibu analijua.

"Mzungu wako bado analia?" aliuliza wifi yake, Mashavu, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea kazi zake kwa mwalimu.

"Yumo ndani mwaka wa elfu huu."

"Basi eda yake imepitiliza. Mwambie atoke, na sisi tupumzike."

Tunu hakucheka. Aliandika upya, akajaza wafalme, vita na watawa. Alipoisoma, yule mjane hakuwemo tena. Akasonya, kisha akamwomba Mola msamaha.

Alimsindikiza Mashavu hadi kizingitini, mwisho wa ruhusa yake, akanyoosha mkono wenye karatasi nje, juani. Mashavu akaishika.

"Achia basi, wifi, nitachelewa."

Mashavu alivuta. Vidole vya Tunu havikuachia.